Damu yako inatengenezwa wapi? Twende hadi ndani ya mfupa

#1 Hadubini (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi yangu ni ya maabara. Mtu akija dirishani kuchukua majibu, swali huwa ni moja: "Damu yangu ni ngapi?" Nikimtajia namba, ama anashusha pumzi ama anakunja uso, kisha anaondoka. Ni wachache sana walionirudia na swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: damu hiyo inatoka wapi? Kwa kuwa hatuulizi, mtu akiambiwa damu imepungua hukimbilia kuongeza, kana kwamba mwili ni mtungi unaojazwa kwa kata. Nimeona watu wakihangaika miezi kwa fikra hiyo, na inaniuma. Ndiyo sababu ya uzi huu. Nitauleta vipande vipande, maswali yaje wakati wowote.

Kwanza, moyo hautengenezi damu. Moyo unasukuma tu. Ini la mtu mzima nalo halitoi seli za damu, ingawa linatoa protini nyingi zilizomo kwenye plazma, yaani yale maji ya damu yenye rangi ya manjano hafifu. Seli zenyewe zinatoka ndani ya mifupa, kwenye uboho.

Jambo hili halikujulikana tangu zamani. Watu walidhani uboho ni lishe ya mfupa. Mwaka 1868 Ernst Neumann, akiwa Königsberg, alichunguza uboho kwa hadubini akaona seli nyekundu ambazo bado zina kiini, aina ambayo huioni kwenye damu ya mtu mzima mwenye afya. Akasema wazi kwamba hapa ndipo damu inapozaliwa. Mwaka huohuo Giulio Bizzozero wa Italia akafikia jibu lilelile.

Si kila mfupa unafanya kazi hii sawa. Mtoto akizaliwa, karibu mifupa yake yote ina uboho mwekundu unaozalisha. Anavyokua, uboho wa mikono na miguu unageuka mafuta, unakuwa wa manjano. Kwa mtu mzima kazi inabaki zaidi kwenye nyonga, kidari, mbavu, pingili za uti wa mgongo, fuvu, na sehemu za juu za mfupa wa paja na wa mkono. Ndiyo maana daktari akitaka kuchukua uboho wa mtu mzima humdunga nyuma ya nyonga, hahangaiki na mfupa wa mkono. Na ule wa manjano haujafa. Mwili ukibanwa sana na uhitaji, unaweza kurudi kuwa mwekundu.

#2 Hadubini

Sasa tuingie ndani.

Ndani ya uboho kuna seli shina. Ni chache mno, na nyingi kati yake muda mwingi zimelala. Zikigawanyika, baadhi ya watoto wanabaki kuwa seli shina kama mama yao, la sivyo akiba ingekwisha, na wengine wanashika njia ya kuwa damu. Njia hiyo ina panda kubwa mbili. Moja inaelekea kwenye seli nyekundu, chembe sahani za kugandisha damu, na seli nyeupe nyingi. Nyingine ni ya ukoo wa limfu, seli zinazotengeneza kingamwili na kuwakumbuka maadui waliowahi kuingia. Kadiri seli inavyosonga mbele ndivyo inavyopoteza uwezo wa kubadili mawazo.

Ushahidi wa seli hizi ulitoka Toronto mwaka 1961. James Till na Ernest McCulloch walichukua panya ambao uboho wao umeuawa kwa mionzi, wakawadunga uboho wa panya wazima. Siku kama kumi baadaye wakakuta vinundu kwenye wengu, na idadi yake ililingana na kiasi cha uboho walichodunga. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba kinundu kimoja chenye seli za aina mbalimbali kimetokana na seli moja tu. Upandikizaji wa uboho tunaousikia leo umesimama juu ya ukweli huo.

Nifuate seli nyekundu peke yake, maana safari yake mimi sijawahi kuichoka. Inaanza ikiwa kubwa, ina kiini kama seli nyingine. Inakaa pamoja na wenzake wakiizunguka seli moja kubwa inayowalea, makrofaji, kama vifaranga na kuku. Inagawanyika mara kadhaa, kila mara inatoka ndogo kuliko ilivyokuwa, huku ikijazwa himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni. Mwisho inafanya jambo la ajabu: inakitoa nje kiini chake. Yule mlezi anakimeza kile kiini, na seli inabaki kama kisahani kilichobonyea katikati, yenye upana wa mikrometa 7 hadi 8, laini kiasi cha kujikunja na kupita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Ndege hawako hivyo. Seli zao nyekundu zinabaki na kiini maisha yake yote.

Kuanzia seli changa kabisa hadi hapo ni kama wiki moja. Ikitoka ubohoni bado ina mabaki ya mitambo yake ya kutengeneza himoglobini, na kwa siku moja au mbili za kwanza kwenye damu tunaweza kuitambua maabara: tukiitia rangi maalumu, yale mabaki yanaonekana kama vijiuzi vya buluu. Shikeni sana hizi seli changa za vijiuzi. Nitazirudia.

#3 Msomaji wa Usiku

Mkuu, shukrani kwa darasa. Nina swali. Nimewahi kusikia kwamba uboho unatoa seli nyekundu milioni mbili kila sekunde. Hii namba haijatiwa chumvi kweli? Sekunde moja tu?

#4 Hadubini

Ndugu, haijatiwa chumvi. Tuipige pamoja.

Mtu mzima ana seli nyekundu zipatazo trilioni 25. Kwa idadi, hizo ni zaidi ya asilimia 80 ya seli zote za mwili wake. Kila moja inaishi siku 120 hivi. Haina kiini, kwa hiyo ikichakaa haiwezi kujitengeneza upya. Ili idadi isishuke, zinazokufa kwa siku lazima zilingane na zinazozaliwa. Gawa trilioni 25 kwa 120, unapata bilioni 208 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Gawa tena: milioni 2.4 kwa sekunde.

Bado swali lingine linajileta lenyewe: malighafi inatoka wapi? Kwa kazi hiyo uboho unahitaji miligramu 20 hadi 25 za madini ya chuma kila siku, lakini utumbo unafyonza miligramu 1 hadi 2 tu kutoka kwenye chakula. Pengo lote linazibwa na seli zilizokufa. Makrofaji wa wengu na ini wanazikamata seli zilizozeeka, wanazivunja, na chuma kinarudishwa ubohoni kutengeneza nyingine. Chuma kilichomo kwenye damu yako leo kimeshapita kwenye seli nyingi zilizokwisha kufa. Mabaki ya himoglobini yasiyo na chuma yanageuka kuwa ya kijani, halafu ya manjano, na ini linayatoa kupitia nyongo. Umewahi kujigonga ukaona alama inaanza zambarau, inakuwa kijani, inamalizia manjano? Ndiyo kazi hiyohiyo, inafanyika chini ya ngozi mbele ya macho yako.

Kwa hiyo mwili hauna tabia ya kupoteza chuma hovyo. Mtu mzima akikutwa hana chuma, usiishie kumwambia ale vizuri. Uliza damu inavujia wapi. Inaweza kuwa hedhi nzito, inaweza kuwa kidonda tumboni au minyoo, na kwa mtu wa makamo inaweza kuwa uvimbe kwenye utumbo ambao bado haujampa maumivu yoyote.

#5 Mama Mtarajiwa

Kaka Hadubini, mimi nina ujauzito wa miezi sita. Mwanzoni damu ilikuwa 12.6, juzi nimepimwa ni 11.2. Nakula vizuri, vidonge nameza kila siku kama nilivyoelekezwa. Nimelala usingizi wa mang'amung'amu tangu juzi. Uboho wangu umeacha kufanya kazi?

#6 Hadubini

Dada, pole kwa hofu. Uboho wako huenda unafanya kazi kuliko wakati wowote wa maisha yako.

Wakati wa ujauzito seli nyekundu zinaongezeka, ila plazma inaongezeka zaidi yake, kwa karibu nusu ya ilivyokuwa. Namba tunayokupa dirishani ni gramu za himoglobini katika desilita moja ya damu. Maji yakizidi, namba inashuka hata kama seli zimeongezeka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu kwa mjamzito kuanzia chini ya 11 (na chini ya 10.5 kwa miezi mitatu ya katikati), wakati kwa mwanamke asiye mjamzito ni chini ya 12 na kwa mwanamume chini ya 13. Endelea na vidonge, maana mtoto naye anachukua chuma chake kwako, wala usikose kliniki. Ikishuka chini ya 11, au ukianza kuhema na moyo kwenda mbio, usisubiri tarehe yako.

#7 Hadubini

Naendelea. Nani anauambia uboho utengeneze kiasi gani?

Ni figo. Wengi hushangaa hapa. Ndani ya figo kuna seli zinazopima oksijeni muda wote. Ikipungua, kwa sababu umepoteza damu au umepanda mlima mrefu, zinamwaga homoni iitwayo erithropoietini. Homoni hiyo inasafiri hadi ubohoni na kuziambia seli changa nyekundu zisife. Bila amri hiyo nyingi hujimaliza zenyewe kabla ya kukomaa. Namna seli zinavyohisi oksijeni ilifafanuliwa na William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Kuipata homoni yenyewe ilikuwa kazi ya miaka mingi. Eugene Goldwasser wa Chicago aliitafuta tangu miaka ya 1950. Iko kidogo mno kwenye damu. Mwishowe msaada ukatoka Japani kwa Takaji Miyake, aliyekusanya lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa ambao uboho wao umekauka. Kwa nini wagonjwa hao? Kwa sababu uboho wao hauitiki, figo zinazidi kutuma amri, na amri zinajaa hadi zinamwagikia kwenye mkojo. Kutoka kwenye lita zote hizo walipata homoni safi ya miligramu chache tu, wakatangaza mwaka 1977. Kutokana na kazi hiyo leo kuna sindano za erithropoietini. Kila nikiwaza wale wagonjwa, ambao wenyewe hawakusaidika na homoni hiyo, najua wanatudai shukrani.

#8 Mlezi wa Baba

Mkuu, nimesoma post #7 mara tatu mikono inatetemeka.

Baba yangu ana kisukari mwaka wa kumi na nne huu. Tangu mwaka jana amekuwa mchovu, hawezi kutembea hatua nyingi. Damu 8.4. Tukapewa vidonge vya chuma. Miezi minane sasa anameza bila kukosa, mimi mwenyewe namhesabia. Juzi kapimwa: 8.1. Ndugu wanasema simlishi vizuri mzee. Nimevumilia maneno, lakini kila nikimwangalia najiona nimeshindwa. Hakuna hata siku moja mtu aliyetaja figo.

#9 Hadubini

Ndugu yangu Mlezi, hukushindwa. Mtu anayemhesabia baba yake vidonge miezi minane hajashindwa. Wanaokulaumu hawajui damu inavyotengenezwa.

Sikumpima mzee, kwa hiyo siwezi kusema ana nini. Ila naweza kukuambia namna ya kufikiri.

Damu ikipungua, ama haitengenezwi ya kutosha, ama inatengenezwa lakini inapotea au inavunjwa mapema. Ukipata kujua ni upande upi, nusu ya kazi imekwisha. Zile seli changa za vijiuzi vya buluu ndizo zinazotuambia. Mtu akiwa anavuja damu au seli zake zinavunjwa, uboho wenye afya unakimbizana na hasara, na seli changa zinajaa kwenye damu. Zikiwa chache wakati himoglobini iko chini, kiwanda ndicho hakitoi. Ni kipimo cha kawaida, na mara nyingi hakifanyiki kwa sababu tu hakuna aliyekiomba.

Kiwanda kisipotoa, bado kuna kuulizana. Pengine malighafi haipo. Chuma kikikosekana nikiangalia kwa hadubini naona seli ndogo, zenye weupe mpana katikati. Vitamini B12 au foleti ikikosekana naona kinyume chake: seli kubwa kupita kiasi, kwa kuwa hizo ndizo zinazosaidia kunakili vinasaba, na seli isiyoweza kunakili vinasaba inachelewa kugawanyika huku mwili wake ukiendelea kukua. Pengine chuma kipo lakini kimefungiwa. Mwili ukiwa na uvimbe wa muda mrefu au maambukizi sugu, ini linatoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga milango ya chuma, ya utumbo na ya akiba pia. Pengine uboho wenyewe ni mgonjwa. Na pengine malighafi ipo, uboho ni mzima, ila amri haiji kwa sababu figo zimechoka. Hapo seli zinaonekana za kawaida kabisa kwa ukubwa na rangi, ni chache tu.

Mtu mwenye upungufu wa chuma hasa, akianza vidonge na vikafyonzwa, seli changa zinapanda ndani ya siku 7 hadi 10, na himoglobini inapanda kwa karibu gramu 2 ndani ya wiki tatu au nne. Miezi minane bila kusogea tayari ni jibu. Mwili wa mzee umeshasema kwamba tatizo si hilo, au si hilo peke yake.

Nenda naye kwa daktari, ombeni vipimo vinne: hesabu ya seli nyekundu changa, akiba ya chuma (feritini), kreatinini ya kuangalia figo, na protini kwenye mkojo. Ukilia, lia. Lakini kesho mpeleke.

#10 Dada wa Pili

Mleta uzi Mungu akubariki. Dada yangu yuko kwenye dawa za saratani ya titi. Baada ya dozi ya kwanza alikuwa mzima tu, siku ya kumi akapata homa kali tukamkimbiza usiku. Wakasema seli nyeupe zimeisha. Mbona seli nyekundu hazikuisha pamoja nazo?

#11 Hadubini

Swali zuri sana, na pole kwa usiku ule. Mlifanya vema kumkimbiza.

Dawa hizo zinapiga seli zinazogawanyika kwa kasi. Saratani ni hivyo, na uboho ni hivyo pia, kwa hiyo unaumia bila kosa. Dawa ikiingia kiwanda kinasimama kwa muda, na kinachopungua kwanza ni kile chenye maisha mafupi. Nutrofili, seli nyeupe zinazoshambulia bakteria, zinakaa kwenye damu chini ya siku moja hivi. Chembe sahani zinaishi siku 7 hadi 10. Nyekundu zinaishi siku 120. Zilizotengenezwa kabla ya dozi bado zinatembea, ndiyo maana dada alionekana mzima. Nutrofili hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha uboho unaamka. Katika siku hizo homa ni dharura. Usimpe dawa ya kushusha homa ukasubiri asubuhi.

Chembe sahani nazo zina uzazi wa peke yake. Ubohoni kuna seli kubwa mno, megakariositi, inayonakili vinasaba vyake mara nyingi bila kugawanyika, kisha inapenyeza vidole vyake kwenye mshipa wa damu. Mkondo unavikata vipande vipande, na kila kipande ni chembe sahani. Megakariositi moja inatoa maelfu. James Homer Wright aliliandika hili mwaka 1906. Chembe hizo zikishuka sana utaona madoa mekundu kama ya kalamu miguuni, au fizi zikitoka damu. Nalo ni la kuwahi.

#12 Msomaji wa Usiku

Na mtoto tumboni, ambaye mifupa yake bado ni gegedu?

#13 Hadubini

Kazi inahama. Wiki ya tatu seli za kwanza zinazaliwa kwenye kifuko kidogo kilichoshikana na kiinitete. Baadaye ini ndilo linaloshika usukani, wengu ukisaidia, kisha mifupa inapokea pole pole hadi anapozaliwa. Mtoto huyo anatumia himoglobini ya aina nyingine, inayovuta oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama yake, ndivyo anavyoipata kupitia kondo. Baada ya kuzaliwa inabadilishwa taratibu na ya kiutu uzima. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huwa haonyeshi dalili miezi ya mwanzo. Tiba ya kuhariri vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 inatumia siri hiyohiyo: wanachukua seli shina za mgonjwa, wanazima swichi inayozuia himoglobini ya utotoni, wanamrudishia.

#14 Mlezi wa Baba

Wakuu, nimerudi. Tulienda. Daktari tuliyemkuta safari hii alisikiliza. Seli changa asilimia 0.6. Kreatinini iko juu sana, mkojo una protini nyingi. Figo. Feritini tunaisubiri hadi kesho. Ametaja sindano za ile homoni. Baba kaniuliza njiani, "Kwa hiyo si chakula chako?" Nikamwambia si chakula, baba. Akanishika mkono hadi tunafika nyumbani.

Nisikose kuuliza nini kesho?

#15 Hadubini

Nimeisoma hii nikiwa kazini, nikatoka nje kidogo.

Kesho uliza haya. Feritini ikoje, kwa sababu sindano ikianza, uboho utahitaji chuma kingi ghafla. Akiba ikiwa ndogo amri itafika na malighafi hakuna, na huenda akahitaji chuma cha kuingizwa kwenye mshipa badala ya vidonge. Presha yake ni ngapi, maana sindano hizo zinaweza kuipandisha, lazima idhibitiwe kwanza. Na wanalenga namba gani. Hawatamrudisha hadi 14, msiwasukume wafanye hivyo. Kuipandisha mno kwa mgonjwa wa figo kunaongeza hatari ya kiharusi na damu kuganda mahali isipotakiwa. Kisukari na presha nazo zishikwe sawasawa, ili figo zilizobaki zidumu.

Seli changa zipimwe tena wiki mbili baada ya kuanza. Ukiipata hiyo namba, ilete hapa.